Maswali ya Wasomaji: Kazi na Maisha ya Morris Chang

Katika toleo lililopita tulichapisha makala kuhusu Morris Chang, mhandisi aliyezaliwa Ningbo, China, mwaka 1931, akahamia Marekani mwaka 1949, akafanya kazi huko kwa karibu miaka 30 katika viwanda vya semikondakta, kisha mwaka 1987 akaanzisha kisiwani Taiwan kampuni ya TSMC, ambayo leo inatengeneza sehemu kubwa ya chipu za hali ya juu kabisa duniani. Barua zilizotufikia kutoka mikoa ya Mtwara na Lindi zimekuwa nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, kwa hiyo tumechagua zile zenye maswali ambayo wengine pia waliyauliza. Kwa yule ambaye hakuisoma makala ile, inatosha kujua kwamba semikondakta ni maada, kama silikoni, inayopitisha umeme kwa kiasi ambacho mhandisi anaweza kukidhibiti, na kwamba chipu ni kipande cha silikoni kinachoweza kuwa kidogo kuliko ukucha, ambacho ndani yake zimo transista, yaani swichi ndogo mno za umeme. Katika simu za leo swichi hizo huhesabiwa kwa mabilioni.

Swali kutoka Newala

"Ndugu Mhariri, Mtwara kuchele. Mimi ni katibu wa chama cha msingi cha ushirika. Nimesoma kwamba kampuni ya huyu mzee haina hata bidhaa moja dukani yenye jina lake, ila inatengeneza za wengine tu. Sijaelewa kampuni ya namna hiyo inapataje utajiri, na kwa nini wenye bidhaa wasijitengenezee wenyewe. Huku kwetu anayefanya kazi ya mwenzake kwa ujira ndiye anayebaki maskini."

Ndugu Katibu, kuchele. Swali lako ndilo ambalo wakuu wa kampuni kubwa za Marekani walijiuliza mwaka 1986, na wengi wao walilijibu kama ulivyolijibu wewe.

Hadi miaka ya 1980 ilikuwa desturi kwamba kampuni inayobuni chipu ndiyo inayozitengeneza. Intel, Texas Instruments na Motorola walikuwa na wabunifu wao na viwanda vyao. Mhandisi mwenye wazo zuri, lakini asiye na mamilioni ya dola ya kujengea kiwanda, alilazimika kwenda kwa hao hao wakubwa, wa Marekani au wa Japani, kuomba nafasi katika mitambo yao wakati ilipokuwa haina kazi. Nafasi hiyo ilikuwa ya kubahatisha, kwa sababu soko likichangamka mwenye kiwanda alitengeneza kwanza za kwake, na juu ya hayo mwombaji alikuwa amemkabidhi mshindani wake michoro yote ya bidhaa yake.

Wewe hali hii unaifahamu kuliko mimi. Chukua kiwanda cha kubangua korosho ambacho mwenyewe naye hununua mnadani na kusafirisha nje. Chama chako kikimpelekea mzigo akibangulie, msimu ukiwa mzuri atabangua kwanza mzigo wake, wenu utakaa ghalani hadi bei ishuke, na atakuwa ameshajua korosho zenu ni za daraja gani na mnunuzi wenu ni nani. Sasa fikiria anatokea mtu mwenye mashine bora kuliko zote mkoani, akaapa kwamba yeye hatanunua wala kuuza hata kilo moja ya korosho, kazi yake ni kubangua tu, kwa kila mtu, kwa bei inayojulikana. Vyama vyote vitamwendea, na hata mwenye kile kiwanda cha kwanza ataanza kumpelekea ziada yake. Hicho ndicho kiapo alichokula Chang, na TSMC imekishika hadi leo.

Wazo lenyewe halikumjia kwa ndoto. Alipokuwa mkuu wa shughuli katika kampuni ya General Instrument, mjasiriamali aitwaye Gordon Campbell alimwendea akitafuta dola milioni 50 za kuanzisha kampuni ya chipu. Baadaye Campbell alimwambia kwamba fedha hizo hazihitaji tena, kwa kuwa ameamua kubuni tu na kuwaachia wengine utengenezaji, na milioni 5 zingemtosha. Chang alibaki na jambo hilo kichwani: ikiwa kampuni inaweza kuanzishwa kwa sehemu moja ya kumi ya mtaji, basi watu wengi wenye vipaji watazianzisha, na wote watahitaji mahali pa kutengenezea.

Fedha za kuanzia hazikupatikana kirahisi. Serikali ya Taiwan ilitoa karibu nusu ya mtaji, Philips ya Uholanzi ikachukua asilimia 27.5, na kilichobaki kikatoka kwa wafanyabiashara wa Taiwan, ambao baadhi yao walichangia baada ya kubanwa na wakubwa wa serikali. Intel na Texas Instruments waliombwa washiriki wakakataa. Teknolojia ya kiwanda ilikuwa nyuma ya Wamarekani kwa zaidi ya vizazi viwili, na katika miaka ya mwanzo kazi zilizokuja zilikuwa mabaki, yaani chipu ambazo kampuni kubwa hazikutaka tena kusumbuka nazo. Kilichobadilisha mambo ni kwamba Chang alimwomba Andy Grove, mkuu wa Intel, ampelekee wakaguzi. Walikuja mwaka 1988, wakataja kasoro nyingi, kasoro zikarekebishwa moja baada ya nyingine, na hatimaye Intel ikakiidhinisha kiwanda. Baada ya hapo hakuna mteja aliyeweza kusema kwamba kazi ya TSMC haijulikani.

Sasa nirudi kwenye ujira. Anayebaki maskini ni yule anayefanya kwa ujira kazi ambayo kila mtu anaiweza, kwa sababu mteja akiona bei kubwa atahamia kwa jirani. Kiwanda cha kisasa cha chipu leo hugharimu zaidi ya dola bilioni 10, na mashine moja tu ya kuchorea mistari myembamba kabisa, inayotengenezwa na kampuni ya ASML ya Uholanzi pekee, ina bei ya zaidi ya dola milioni 150. Mteja wa TSMC akitaka kuhama, mahali pa kuhamia ni pachache mno. Ndiyo maana nasikitika kila ninapopita mbele ya vile viwanda vya kubangua vilivyojengwa mikoa ya kusini miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, vingi vikaishia kuwa maghala, huku korosho ghafi zikipakiwa bandarini kwenda India na Vietnam. Kazi ya kuchakata mali ya wengine inaweza kuwa na heshima na faida kubwa, lakini inahitaji anayeifanya awe na ujuzi ambao wengine hawana, na aulinde kila mwaka kwa kuwekeza upya.

Swali kutoka Mikindani

"Mheshimiwa Mhariri, salaam. Mwanangu wa pili amerudi nyumbani kutoka chuo kikuu. Alifanya mitihani ya marudio akashindwa, na sasa, kama wanavyosema wenyewe, amedisko. Hatoki chumbani. Nilimsomea ile sehemu ya makala inayosema Chang alifeli mara mbili, akaniambia kwamba hizo ni hadithi za watu waliokwisha kufanikiwa. Nimjibu nini?"

Mama, shikamoo, na pole. Mwanao amesema jambo lenye ukweli ndani yake, na si vema tumjibu kwa kumpa faraja isiyo na msingi.

Mtihani aliofeli Chang, mara mbili, ulikuwa wa kuingia kwenye masomo ya udaktari katika chuo cha MIT. Wakati huo, mwaka 1955, alikuwa tayari na shahada ya kwanza na ya pili ya uhandisi wa mitambo kutoka chuo hicho hicho, ya kwanza aliipata mwaka 1952 na ya pili mwaka 1953. Kwa hiyo hakutoka mikono mitupu, na hali yake haikuwa sawa na ya kijana aliyekatishwa kabla ya shahada ya kwanza. Hata hivyo pigo lilikuwa kubwa, kwa sababu tangu afike Marekani alikuwa amejiona kuwa ni mtu wa maisha ya chuo, na baadaye alikuja kusema kwamba kushindwa kule kulikuwa bahati kubwa kuliko zote alizopata.

Ninachoomba umwonyeshe mwanao ni mambo yaliyofuata. Chang alitafuta kazi, akapata ahadi mbili: Ford walimpa dola 479 kwa mwezi, na Sylvania, kampuni iliyokuwa ndiyo kwanza inaanza kutengeneza transista, walimpa dola 480. Yeye aliipendelea Ford, akawapigia simu kuwaomba waongeze kidogo, wakamkatalia kwa maneno makavu, naye akaenda Sylvania. Hakuwa anajua chochote kuhusu semikondakta. Mchana alikuwa kiwandani, na usiku, katika hoteli aliyokuwa akikaa, alikisoma kitabu cha William Shockley, mmoja wa wavumbuzi wa transista, aya kwa aya, akirudia zile asizozielewa. Mhandisi mmoja mzoefu alikuwa na mazoea ya kukaa baa ya hoteli hiyo kila jioni, na Chang alimfuata pale na maswali yake. Nadhani hapo, katika jioni zile, ndipo kazi yake yote ilipoanza, na ni jambo ambalo kijana aliyedisko anaweza kulifanya Mikindani kama lilivyofanyika Massachusetts.

Kwa upande wa hatua za sasa, mwambie asome kanuni za chuo chake ajue kama anaruhusiwa kuomba upya, aulize TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, kuhusu vyuo vingine, na wakati akisubiri ajifunze ufundi umeme au elektroniki katika chuo cha VETA, ambako hataulizwa kwa nini amerudi nyumbani. Chang mwenyewe alikuja kuupata udaktari, Stanford, mwaka 1964, na ada ililipwa na mwajiri wake.

Swali kutoka Nachingwea

"Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa fizikia. Makala yenu ilisema kwamba Chang 'aling'ara' alipokuwa Texas Instruments. Neno hilo halinisaidii darasani. Alifanya nini hasa?"

Mwalimu, una haki ya kudai, na nitajaribu kukupeleka hadi mezani alipokaa.

Alijiunga na Texas Instruments, mjini Dallas, mwaka 1958, mwaka ule ule ambao Jack Kilby naye alijiunga na akaunda pale sakiti ya kwanza ya kuunganishwa pamoja katika kipande kimoja, yaani babu wa chipu zote. Kampuni ilikuwa na mkataba wa kuitengenezea IBM transista za kompyuta zake, na Chang akakabidhiwa mstari huo wa uzalishaji. Hali aliyoikuta ni kwamba karibu kila transista iliyotoka mwisho wa mstari ilikuwa mbovu. Hazikuwa zimevunjika, na kwa macho zilikuwa sawa na nyingine, lakini zikipimwa umeme hazikufanya kazi inayotakiwa, zikatupwa.

Transista hutengenezwa kwa kuichanganya maada ya semikondakta na chembe kidogo sana za kemikali nyingine, kwa joto na shinikizo maalumu, na joto likizidi au likipungua kidogo tu chembe hizo hazikai mahali pake. Wakati ule mafundi waliviweka vipimo hivyo kwa uzoefu na kukisia. Chang alifanya mambo mawili kwa pamoja: alibadilisha joto na shinikizo kwa utaratibu, akiandika kila mabadiliko na matokeo yake, na wakati huo huo alitumia nadharia aliyoisoma usiku ule wa Sylvania kueleza kwa nini badiliko hili limesaidia na lile limeharibu. Baada ya miezi kadhaa, zaidi ya asilimia 20 ya transista zilikuwa zinatoka nzima. IBM, ambao kiwanda chao wenyewe hakikuwa kimefika hapo, walituma watu kuja kuona.

Wanafunzi wako wanaweza kucheka wakisikia kwamba mtu alisifiwa kwa asilimia 20, kwa hiyo wape hesabu. Gharama ya malighafi, umeme na mishahara ya kutengeneza vipande 100 ni ile ile, viwe vizima au vibovu. Kikitoka kipande 1 kizima, gharama yote ya vipande 100 inabebwa na hicho kimoja. Vikitoka 20, kila kimoja kinabeba sehemu moja ya ishirini. Hakuna punguzo la mshahara wala la malighafi linaloweza kuleta tofauti ya namna hiyo, na ndiyo sababu hadi leo katika viwanda vya chipu swali la kwanza la asubuhi ni vipande vingapi vimetoka vizima.

Jambo hilo hilo aliligeuza kuwa mbinu ya biashara alipofika ngazi ya juu. Mwaka 1972 alipewa kuongoza biashara yote ya semikondakta ya kampuni duniani. Alikuwa ameona kwamba kadiri kiwanda kinavyotengeneza kipande cha aina moja kwa wingi, ndivyo watu wanavyokijua na ndivyo vizima vinavyoongezeka, basi akawa anapunguza bei kila baada ya miezi mitatu, hata kabla mshindani hajapunguza, ili apate wateja wengi, wingi ulete ujuzi, na ujuzi ushushe gharama. Waliofanya kazi chini yake wanamkumbuka kuwa bosi mkali sana, jambo ambalo mimi silisifu, ila hawakumkana kwamba alijua kila hatua ya kazi waliyokuwa wakiifanya.

Swali kutoka Madimba

"Kaka Mhariri, mimi ni kijana ninayefanya kazi katika mtambo wa kusafisha gesi. Kuna jambo halijakaa sawa kwangu. Mtu ametumikia kampuni miaka 25, akafika juu, halafu anaondoka Marekani anakwenda kuwajengea watu wengine. Je, walimbagua kwa sababu ya uhamiaji wake? Na sisi wenzetu wakienda kusoma nje tunataka warudi, mbona hawarudi?"

Ndugu yangu, nianze na lililo wazi. Mwaka 1978 kampuni ilimhamisha Chang kutoka semikondakta, kazi aliyoijua kwa undani, ikampa bidhaa za watumiaji wa kawaida, kama vile kikokotoo na kompyuta za nyumbani. Biashara hiyo haikwenda vizuri mikononi mwake, naye akawekwa pembeni hatua kwa hatua, hadi mwaka 1983 akajiuzulu akiwa ameshaona kwamba hatapewa uongozi wa kampuni nzima. Kuhusu kilichokuwa mioyoni mwa waliomhamisha sitamsemea mtu. Ninaloweza kusema ni kwamba mhamiaji huyu alikuwa raia wa Marekani tangu mwaka 1962, Marekani ilimsomesha hadi udaktari na kumkabidhi maelfu ya wafanyakazi, na ikampoteza pale ilipomwondoa kwenye kazi aliyoiweza.

Ama kuhusu Taiwan, wengi husema "alirudi nyumbani", na hilo si kweli. Chang alizaliwa Ningbo, utoto wake ukapita katika vita, familia ikihama Nanjing, Guangzhou, Hong Kong, Chongqing na Shanghai, na Taiwan hakuwahi kuishi. Alikwenda huko mwaka 1985, akiwa na umri wa miaka 54, kwa mwaliko wa serikali iliyomtaka aongoze taasisi ya utafiti wa teknolojia ya viwanda, ITRI. Kwa hiyo alikuwa mhamiaji kwa mara ya pili.

Hapa ndipo ninapotaka usome taratibu. Taasisi hiyo ilikuwa imeanzishwa mwaka 1973. Mwaka 1976 Taiwan ililipa kampuni ya Marekani, RCA, ili iwafundishe utengenezaji wa chipu, na vijana wahandisi walipelekwa Marekani kujifunza kwenye mitambo yenyewe. Mwaka 1980 kampuni ya kwanza ya chipu, UMC, ilitokana na mradi huo, na mwaka huo huo eneo la viwanda vya teknolojia la Hsinchu likafunguliwa. Chang alipofika alikuta kiwanda cha majaribio kinachofanya kazi, wahandisi waliokwisha kuungua vidole, umeme, maji, na waziri, K. T. Li, aliyempa agizo la kuandika mpango wa kampuni. Mtu mmoja alikuja mwisho, na sisi tunasimulia habari zake kana kwamba alikuja mwanzo.

Basi ukiuliza kwa nini wenzetu hawarudi, nakuuliza na wewe, unayeijua Madimba kutoka ndani: mhandisi wa gesi akirudi kesho kutoka nje, atakuta meza gani, maabara gani, na msimamizi gani mwenye uwezo wa kumpa mradi na fedha? Uzalendo wake ni jambo la kuulizwa baadaye, wakati meza ipo na yeye hataki kuikalia.

Swali kutoka Lindi mjini

"Mhariri, mimi ni mstaafu. Nimefurahi kuona kwamba alianzisha kampuni akiwa mtu mzima. Ni kweli?"

Ni kweli, mzee wangu, shikamoo. TSMC ilipoanzishwa mwezi Februari 1987, Chang alikuwa na umri wa miaka 55, umri ambao kwetu mtumishi wa umma anaruhusiwa kuomba kustaafu kwa hiari. Aliacha ukurugenzi mkuu mwaka 2005, lakini mwaka 2009, wakati wa mtikisiko wa uchumi duniani, alirudi akiwa na miaka 77. Uongozi uliokuwapo ulikuwa umepunguza wafanyakazi. Yeye aliwarudisha waliotolewa, kisha akaongeza fedha za mitambo wakati wengine wakikata, kwa hoja kwamba simu janja zingehitaji chipu nyingi kuliko watu walivyodhani. Alistaafu moja kwa moja mwezi Juni 2018, akiwa na miaka 86.

Swali lingine kutoka Lindi mjini

"Kaka, mimi fundi simu. Nikifungua simu, nikiondoa kile kifuniko cha bati kwenye bodi, naona aisii, yaani chipu, zimeandikwa Qualcomm, MediaTek na wengineo. TSMC sijawahi kuiona. Halafu, ni yeye peke yake mhamiaji aliyefika juu katika kazi hii?"

Fundi, jina unaloliona ni la aliyebuni. Siku nyingine ukiwa na bodi mbovu, ichukue aisii kubwa ya prosesa, ile iliyo karibu na memori na mara nyingi imezungushiwa gundi nyeusi, uitazame kwa lenzi yako: kuna jina la kampuni, namba ya modeli, na safu ya herufi na namba zinazotunza kumbukumbu ya toleo na wakati wa kutengenezwa. Aliyeitengeneza hajaandika jina lake kwa herufi kubwa, ingawa nyingi kati ya hizo zimetoka kwenye viwanda vya TSMC. Prosesa za iPhone nazo zilianza kutengenezwa huko mwaka 2014. Kabla ya hapo zilikuwa zikitengenezwa na Samsung, ambao pia ni washindani wa Apple katika kuuza simu. Mwombe Katibu wa Newala hapo juu akueleze kwa nini jambo hilo liliwasumbua Apple.

Wahamiaji wengine wapo, na ni wengi. Andy Grove, yule aliyetuma wakaguzi, alizaliwa Budapest mwaka 1936 katika familia ya Kiyahudi, akafichwa na mama yake wakati wa Wanazi, akavuka mpaka kwenda Austria baada ya maasi ya Hungaria ya mwaka 1956 na kufika Marekani mwanzoni mwa 1957. Alisoma uhandisi wa kemia, akajiunga na Intel mwaka ilipoanzishwa, 1968, na akawa mkurugenzi mkuu mwaka 1987. Jensen Huang alizaliwa Taiwan mwaka 1963, akapelekwa Marekani akiwa na miaka 9, alipokuwa kijana akaosha vyombo katika mgahawa, na mwaka 1993 yeye na wenzake wawili wakaanzisha kampuni ya chipu ya Nvidia. Katikati ya miaka ya 1990, Nvidia ikiwa bado ndogo na haijibiwi na wauzaji wa TSMC, Huang alimwandikia Chang barua, na Chang mwenyewe akampigia simu. Lisa Su, anayeongoza kampuni ya chipu ya AMD tangu mwaka 2014, naye alizaliwa Tainan, Taiwan, akahamia Marekani akiwa na miaka 3.

Swali kutoka Ndanda

"Shikamoo Mhariri. Nipo kidato cha sita, mchepuo wa PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati. Nataka kufanya kazi ya chipu. Nisome nini, na je, ni lazima nihame nchi?"

Marahaba mwanangu. Angalia kwanza walivyosoma hao niliowataja: Chang alisoma uhandisi wa mitambo, Grove uhandisi wa kemia, Huang uhandisi wa umeme. Kazi hii ina milango zaidi ya mmoja, na kemia unayoisoma sasa, ambayo wenzako wengi huivumilia tu ili wafaulu, ndiyo inayoamua kama chipu itatoka nzima.

Hapa nchini, uhandisi wa elektroniki unafundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, na kwa ngazi za juu iko Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha. Hakuna kiwanda cha kutengeneza chipu nchini, kwa hiyo ukitaka kufanya kazi kwenye mitambo yenyewe, ndiyo, utalazimika kwenda nje, angalau kwa miaka ya kujifunza. Lakini ubunifu wa chipu hufanyika kwenye kompyuta. Sakiti huandikwa kwa lugha maalumu kama vile Verilog, na zipo programu za bure za kuijaribia, ambazo kompyuta ya kawaida inaziweza. Iko pia kazi ya kufungasha na kupima chipu baada ya kukatwa, ambayo ndiyo iliyoiingiza Malaysia katika biashara hii pale Intel ilipojenga Penang mwaka 1972, na ni sehemu ambayo nchi changa huanzia kwa urahisi zaidi kuliko kiwanda cha silikoni.

Kwa miezi hii iliyobaki kabla ya mtihani, irudie mada ya elektroniki katika fizikia yako, hasa jinsi dayodi na transista zinavyofanya kazi na jinsi mageti ya mantiki yanavyojengwa kutokana nazo. Mwombe mwalimu wako transista mbili tatu kutoka kwenye redio mbovu, upime kwa mita mguu upi ni upi, kisha unganisha geti moja kwa mikono yako, uone linavyojibu. Ukikwama kwenye geti hilo, tuandikie ulipokwamia, na uambatanishe mchoro wa sakiti yako.